"Niko njiani" ukiwa bado unatafuta soksi: uongo upi unaumiza?

Mleta mada ameuliza kama vijiuongo vya kila siku, "niko njiani" na "sina pesa," vinahesabika kuwa uongo. Wapo wanaofuata msimamo wa mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyetetea mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako yuko wapi, usimdanganye. Mimi siendi mbali hivyo. Naangalia jambo moja: huyu mtu atafanya nini akishaniamini?

Shemeji akikuuliza kama pilau ni tamu na imezidi chumvi kidogo, sema tamu, kula. Ila kama anajaribia pilau ya wageni wa ruracio (sherehe ya mahari) Jumamosi, mwambie chumvi imezidi.

"Niko njiani" ni tofauti, maana aliyekuamini ameshatoka ofisini na amesimama pale Archives katikati ya jiji la Nairobi, mvua inamnyea. Sema ulipo, usiseme utafika saa ngapi. "Ndio naingia matatu Rongai, haijajaa" inamtosha mtu wa Nairobi. Lang'ata Road ya asubuhi anaijua, hesabu atajipigia. Usitaje Nyayo, karibu na mjini, ukiwa bado Bomas. WhatsApp ina kipengele cha kuonyesha ulipo moja kwa moja kwa muda wa dakika 15, saa moja au masaa manane, na mwenye shaka atakiomba.

Kwenye pesa ndiko watu huumbuka. "Nimetuma, labda mtandao" haiendi popote, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa huja na namba ya muamala yenye herufi na tarakimu, jumla 10, pamoja na tarehe na saa. Anayekudai atasema tu, "Nitumie huo ujumbe." Sasa una deni la pesa na deni la maelezo. Afadhali umwambie mapema, kabla siku haijafika: "Leo nina 2,000, zilizobaki tarehe 5." Na utume hizo 2,000 papo hapo, la sivyo hiyo tarehe 5 hataiamini.

Anayekukopa naye usimwambie "sina" halafu Jumapili uweke picha za Naivasha. Sema "pesa iliyopo ina kazi yake." Huo ni ukweli, na hauhitaji kukumbukwa kesho. Ukitaka kusaidia, toa kiasi ambacho hutakidai: "5,000 siwezi, lakini chukua hii 500, si deni."

Sababu za kubuni zina ubaya wake: mwenzako huzitatua. Ukisema huna nauli ya kwenda harusini, anakutumia 200. Ukisema mtoto anaumwa, wanachama wa chama chenu cha kuweka akiba wanakuja na matunda kumjulia hali, wanamkuta anacheza mpira kwenye ploti. "Sitaweza kuja, nawatakia kila la heri" haina pa kushikwa. Ukiulizwa kwa nini, rudia hivyo hivyo kwa upole. Ukianza kuongeza sababu ya pili na ya tatu, umefungua biashara ya kupatana bei.

Uongo ambao ningeuacha leo leo ni ule wa kumtuma mtoto mlangoni akamwambie keateka, msimamizi wa ploti anayedai kodi, kwamba haupo. Kwanza atasema "Mama amesema hayuko." Pili, siku ukimuuliza kama amemaliza homuwaki, atakujibu alivyofundishwa. Toka mwenyewe, hata kama ni kusema kodi bado.