Milton Keynes siku mbili bila gari: mji wenyewe hauonekani ukiwa barabarani

Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji mnaweza kwenda Milton Keynes Ijumaa mpaka Jumapili mkitokea London kwa treni, hamna gari, mnataka historia na sanaa, na kama ni kweli kwamba kule kuna maduka na vipilefti tu. Nendeni. Waliokwambia hivyo walipita na gari, na anayepita na gari kule haoni kitu, kwa sababu mji ulichorwa hivyo makusudi.

Ulianza kupangwa 1967, katika wimbi la mwisho la miji mipya ambayo Uingereza ilianza kuijenga baada ya vita kwa sheria ya 1946. Wapangaji walitandaza barabara kubwa kama wavu, moja hadi nyingine kilomita moja hivi. Za V (vertical, yaani za wima) zinakwenda upande mmoja, za H (horizontal, za mlalo) zinazikata, na zinapokutana pana kipilefti. Kando yake wakainua matuta ya udongo na kupanda miti. Nyumba, shule na makanisa yamo ndani ya miraba na yameipa barabara mgongo. Mwenye miguu na mwenye baiskeli wana njia zao za lami nyekundu, zinaitwa Redways, zaidi ya kilomita 300, nazo hupita chini ya barabara kubwa. Huko ndiko mji uliko.

Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Simu ikiwa kwenye ramani ya magari itawapeleka kando ya barabara ya H au V, sehemu nyingi hakuna pa kutembea, na magari yanakwenda kilomita 100 kwa saa. Pakueni ramani ya Redways kabla ya safari. Na shikeni majina ya miraba (Campbell Park, Newlands, Willen), si namba za barabara, maana vibao vya Redways vinataja miraba, na baada ya kona tatu njia zote zinafanana.

Treni. Zinatoka stesheni ya Euston, London. Ya haraka inachukua kama nusu saa, ya kawaida dakika 45 hadi 55. Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ni ya treni za kampuni moja tu; ukipanda ya haraka nayo unatozwa upya. Nyie wawili chukueni kadi ya punguzo iitwayo Two Together Railcard: theluthi moja ya nauli inapungua kwa wote wawili, mradi mnasafiri pamoja, na siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Angalieni pia kama kuna matengenezo ya reli, kwa sababu hufanywa sana wikiendi na abiria huhamishiwa kwenye mabasi.

Kulala, chagueni hoteli ya katikati, karibu na Midsummer Boulevard. Za nje kwenye vipilefti zina bei ndogo, lakini usiku mtailipa tofauti hiyo kwa teksi. Huu ni mji wa biashara, kwa hiyo vyumba vya wikiendi huwa nafuu kuliko vya katikati ya wiki.

Siku ya kwanza iwe ya Bletchley Park. Acheni mabegi hotelini, rudini stesheni ya Bletchley, kituo kimoja tu kusini. Treni za haraka hazisimami hapo. Kutoka stesheni ni dakika chache kwa miguu. Hapa ndipo Waingereza walipovunja siri za mawasiliano ya adui wakati wa Vita vya Pili, na kazi ilipofikia kilele walikuwapo watu wapatao 9,000, robo tatu wakiwa wanawake. Anzeni na vibanda vya mbao kabla ya jumba kubwa, kwa sababu vibanda ni vyembamba na vikundi vikishaingia hamtasikia chochote. Kibanda namba 8 kilikuwa cha siri za jeshi la majini, na ofisi ya Alan Turing, mwanahisabati aliyeongoza kazi hiyo, imepangwa upya humo, kikombe chake kimefungwa mnyororo kwenye bomba la kupashia joto.

Kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 1942, meli za Japani ziliposhambulia Colombo, kituo cha Waingereza cha kuvunja siri za Wajapani kilihamishiwa Mombasa. Kiliwekwa katika shule ya Allidina Visram na kikajulikana kwa jina la Kilindini. Walioko pale walivunja msimbo wa meli za mizigo za Japani uliopewa jina JN-40. Mkiwa Bletchley kumbukeni kwamba sehemu ya kazi ile ilifanyika pwani yetu.

Kosa linalowakuta wengi: Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta yako uwanja huohuo, jengo la Block H, lakini ni taasisi nyingine, ina tiketi yake, na haifunguliwi kila siku. Panga Bletchley kwa siku ambayo makumbusho haya yako wazi. Ukiyakosa umekosa Colossus, kompyuta ya kuvunja siri za Wajerumani, iliyojengwa upya. Ya kwanza ilianza kazi Bletchley mwaka 1944, aliyeisanifu ni Tommy Flowers, fundi wa simu wa posta. Simameni upande wa mkanda: karatasi yenye matundu imeungwa kama duara na inazunguka juu ya magurudumu kwenye fremu ya chuma, ikisomwa herufi 5,000 kwa sekunde. Nyuma yake kuna vali za kioo zipatazo 2,500, na joto lake unalisikia usoni. Mashine ya Bombe inayozunguka, nayo ya kusaka funguo za siri za Wajerumani, pia imo humo, si upande wa Bletchley Park. Jumla tenga saa sita kwa sehemu zote mbili.

Jumamosi tembeeni mstari mmoja, kutoka stesheni kuu kwenda mashariki. Midsummer Boulevard inapita jengo refu la maduka la 1979, lenye vioo na sakafu ya mawe ya travatini, ambalo limehifadhiwa kisheria tangu 2010. Ingieni kwa ajili ya mwanga wake. Mwishoni kuna MK Gallery, jumba la sanaa, iliyopanuliwa na kufunguliwa tena 2019 (Jumatatu hufungwa), na jirani yake ni ukumbi wa maigizo wa 1999 ambao dari lake hushushwa kuzifunga siti za juu onyesho likiwa dogo. Tiketi za Jumamosi usiku zinunuliwe mapema.

Kisha Campbell Park, vuka mfereji, ingieni Newlands kutafuta Kanisa Kuu la Miti. Msanifu wa mandhari Neil Higson alilipanda 1986 kwa kufuata ramani ya kanisa kuu la Norwich: miti mirefu ndiyo nguzo, ya kijani mwaka mzima ndiyo minara, ya maua ndiyo vikanisa vya pembeni. Ukiwa nje unaona kichaka. Simama katikati ya ukumbi, utazame juu, ndipo umbo linakuja. Mbele kidogo ni ziwa Willen na pagoda ya amani (mnara wa Kibudha) ya 1980, ya kwanza ya aina yake katika nchi za Magharibi. Karibu yake pana kanisa dogo la matofali lililosanifiwa na mwanasayansi Robert Hooke, la 1680. Kutoka MK Gallery mpaka hapo ni saa moja na nusu kwa mwendo wa kutazama. Vaeni viatu vya tope.

Ng'ombe wa zege wa Bancroft, wanaosifiwa sana, ni nakala na wako mbali upande mwingine. Msiwape nusu siku.

Mkiweza, chagueni wikiendi iliyo karibu na Juni 21. Midsummer Boulevard ilielekezwa mahali jua linapochomoza siku hiyo, saa kumi na moja kasorobo alfajiri hivi. Hoteli iwe karibu, mfike kwa miguu. Mabasi yatakuwa bado.