Maswali ya Wasomaji: Faida ya Kifaa Inakwenda kwa Nani?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: vifaa vya elektroniki vinavyoundwa ng'ambo kwa chapa za wengine, na kama waliokaa kwenye laini ya kuunda wana fungu lolote katika faida. Barua zilizouliza jambo lilelile tumeziunganisha.

Simu inauzwa bei ya kuruka, lakini kiwanda kikiulizwa habari ya kugawia wafanyakazi faida kinasema hakina kitu. Wanatudanganya?
*Msomaji wa siku nyingi*

Mara nyingi hawadanganyi. Gharama ya kutengeneza iPhone 3G mwaka 2009 ilikadiriwa kuwa dola 178.96, na katika hizo malipo ya kuunganisha nchini China yalikuwa dola 6.50. Ilipokuja iPhone 4, watafiti Kraemer, Linden na Dedrick waliichambua bei yake wakakuta asilimia 58.5 imebaki Apple, malighafi zimechukua 21.9, na ujira wa wafanyakazi wa China 1.8. Hiyo 58.5 ni kabla ya kutoa gharama za utafiti, matangazo na uendeshaji, kwa hiyo usiisome kama fedha zilizolala benki. Hata hivyo pengo linaonekana.

Kampuni zinazounganisha vifaa kwa mkataba, hata Foxconn iliyo kubwa kuliko zote, hubaki na faida halisi ya asilimia 2 au 3 hivi ya mauzo. Ukidai sehemu ya kumi ya hiyo, unagawa kitu kilichokwisha kuwa chembamba. Faida hukaa kwa mwenye mchoro, hataza, chapa na duka. Mgawo wenye uzito utatoka kwake, na njia nyepesi ya kuutoa ni kiasi maalumu kwa kila kifaa kinachotoka kiwandani.

Nimesikia Mexico sheria inalazimisha kila kampuni igawe asilimia 10 ya faida. Mbona wafanyakazi wa viwanda vya elektroniki vya Tijuana na Ciudad Juárez, miji iliyo mpakani na Marekani, bado wanalalamika kwamba wanapata kidogo?
*Mwanachama wa chama cha wafanyakazi*

Sheria ipo na ina meno. Mgawo huo unaitwa PTU: asilimia 10 ya faida inayotozwa kodi. Kampuni hufunga ritani ya kodi ya mwaka mwishoni mwa Machi, kisha ina siku 60 za kulipa, ndiyo maana tarehe ya mwisho huwa Mei 30. Nusu ya fungu hugawanywa kwa siku ambazo kila mtu amefanya kazi, nusu nyingine kwa mshahara wake. Wakurugenzi na mameneja wakuu hawamo. Kibarua wa muda anaingia akitimiza siku 60 katika mwaka. Siku za likizo ya uzazi na za kuuguza jeraha la kazini zinahesabiwa kama siku za kazi, jambo ambalo wahasibu wengine "hulisahau".

Sasa tazama hesabu. Kiwanda cha kuunganisha kwa ajili ya kampuni mama ya nje hakiuzi bidhaa sokoni. Kinaiuzia kampuni mama huduma ya kuunda. Kwa kanuni ya kodi ya Mexico, kiwanda cha aina hiyo kinatimiza wajibu wake kikitangaza faida ya asilimia 6.9 ya mali au 6.5 ya gharama, iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Tuseme kipimo cha gharama ndicho kikubwa, na gharama za mwaka ni peso milioni 60. Faida ni 3,900,000, mgawo 390,000, kila nusu 195,000. Kiwanda kina watu 300 na siku zao zote zikijumlishwa ni 97,500: hapo kila siku ina thamani ya peso 2. Mishahara yote ni milioni 39, kwa hiyo kila peso ya mshahara inavuta 0.005. Mfanyakazi wa siku 300 aliyelipwa 120,000 kwa mwaka atapata 600 kwa siku zake na 600 kwa mshahara wake. Jumla peso 1,200, yaani ujira wake wa siku tatu. Hakuna aliyeiba hapo. Faida kubwa ilikwisha kuandikwa upande wa pili wa mpaka.

Zamani kulikuwa na mwanya mbaya zaidi: wafanyakazi waliajiriwa na kampuni ndogo ya "huduma" isiyo na faida, huku mashine na mapato vikiwa kampuni nyingine. Mageuzi ya Aprili 2021 yalipiga marufuku kukodisha watu kwa namna hiyo, isipokuwa huduma za kitaalamu zisizo shughuli kuu ya kampuni. Yaliweka pia kikomo: mgawo wa mtu mmoja usizidi mshahara wa miezi mitatu au wastani wa migawo yake ya miaka mitatu iliyopita, kinachomfaa zaidi mfanyakazi ndicho kinachotumika. Kwa mfano wetu wa siku tatu, kikomo hicho ni kama paa la ghorofa kwa mtu aliyelala chini.

Chama chako kifanye nini? Mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi nakala ya ritani ndani ya siku 10 baada ya kuifunga, nao wana siku 30 za kuipinga mbele ya mamlaka ya kodi. Angalieni kwanza gharama zinazolipwa kwa kampuni mama: ada ya menejimenti, malipo ya kukodi mashine, mrabaha. Kampuni mpya husamehewa mgawo mwaka wake wa kwanza, hivyo uliza pia kama "kampuni mpya" si ileile ya zamani iliyobadilishiwa jina.

Ninataka kuagiza vifaa 2,000 vyenye chapa yangu kutoka kiwanda cha Shenzhen, China. Nipo tayari kuongeza kitu kwa ajili ya waliovitengeneza. Nikiongeza kwenye bei, kitawafikia?
*Mnunuzi chipukizi*

Ukiongeza kwenye bei, hakitawafikia. Kitaishia kwa wakala au kwenye punguzo la mteja anayefuata. Kiandike kama mstari wake kwenye oda, na kwenye mkataba sema kitalipwa dhidi ya nini.

Anza na dakika za kazi. Omba jedwali la kila kituo: kuweka vijenzi kwenye bodi, kulehemu kwa mkono, kufunga kasha, kupima, kupakia. Tuseme jumla ni dakika 25 kwa kifaa. Kwa vifaa 2,000 ni dakika 50,000, sawa na saa 833. Ikiwa tofauti kati ya ujira wa sasa na mshahara wa kujikimu ni yuan 8 kwa saa, unahitaji karibu yuan 6,700, kama yuan 3.3 kwa kifaa. Wengi hushangaa kuona ni kidogo hivyo. Ongeza mchango wa mwajiri wa bima ya jamii, kwa sababu bonasi huhesabiwa kuwa mshahara. Usipouhesabu, kiwanda kitaukata humo humo au kitalipa kwa bahasha pembeni.

Nani apewe? Saa 833 ni watu ishirini kwa wiki moja hivi. Ukiwapa hao tu, kila mmoja anapata zaidi ya yuan 300, na msimamizi wa laini anapata silaha: yeye ndiye anayepanga nani akae kwenye laini yako. Ukigawa kwa watu 600 wa kiwanda kizima, kila mmoja anapata yuan 11, mabishano yanaisha na maana pia inaisha. Kwa oda ndogo ya mara moja, sisi tungegawa kwa saa zilizorekodiwa, tukiwaingiza wapimaji, wapakiaji, zamu ya usiku na wafanyakazi wa wakala. Hao wa mwisho wataje kwa maandishi, la sivyo wataachwa. Kwa uhusiano wa miaka, kiwanda kizima ni bora. Fairphone, kampuni ya simu ya Uholanzi, walipotoa simu yao ya kwanza waliweka dola 2.50 kwa kila simu, kiwanda kikaweka nyingine 2.50, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa wafanyakazi wenye wawakilishi waliochaguliwa.

Lipa pamoja na mshahara wa mwezi unaofuata. Mgawo wa mwisho wa mwaka unawapita walioacha kazi kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, na viwanda hivi watu huingia na kutoka kila wiki. Usiufunge na idadi ya vifaa vibovu: vibovu vitafichwa, utavipata kwa wateja wako. Ushahidi uwe orodha ya malipo ya benki na slipu za mshahara zenye mstari wa pekee wa fedha hizo.

Na kabla ya yote hayo, funga mchoro wako. Mnunuzi anayebadilisha kijenzi siku tano kabla ya kupakia anawalaza watu kiwandani, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Sheria ya China inaruhusu saa 36 za ziada kwa mwezi, zikilipwa asilimia 150 siku ya kawaida, 200 siku ya mapumziko na 300 sikukuu ya kitaifa. Bei uliyokubaliana ikiwa haibebi viwango hivyo, wafanyakazi ndio wanaojazia.

Bonasi ya kuingia kazini si aina ya mgawo wa faida?
*Mwanafunzi wa biashara*

Hapana. Hiyo ni chambo cha kuvuta watu msimu wa oda nyingi, hulipwa baada ya kukaa siku kadhaa, na masharti hubadilika. Novemba 2022 wafanyakazi wapya wa Foxconn huko Zhengzhou waliandamana wakisema masharti ya bonasi si yale waliyoahidiwa. Kampuni ilisema kulikuwa na hitilafu ya mfumo, ikawapa yuan 10,000 waliotaka kuondoka. Mgawo wa faida una kanuni iliyoandikwa kabla ya mwaka kuanza na hesabu inayoweza kukaguliwa. India wana kitu cha katikati: bonasi ya kisheria ya asilimia 8.33 hadi 20 ya mshahara, na kile kiwango cha chini hulipwa hata mwaka wa hasara.

Kiwanda kimenionyesha cheti cha ukaguzi. Nitosheke?
*Mnunuzi mwingine*

Cheti kinaeleza siku ya ukaguzi, na kwa kawaida kiwanda kilijua unakuja lini. Daftari mbili za mahudhurio ni ugonjwa wa zamani. Kadi zinazoonyesha watu wote wametoka saa 11:30 jioni kamili, mwezi mzima, zimeandikwa na mtu mmoja.

Elektroniki ina faida moja ambayo viwanda vya nguo hawana. Mashine ya kupima huandika namba ya kila kifaa na wakati ilipokipima. Omba faili hilo. Ni la bidhaa yako, kukunyima ni jambo la kutilia shaka. Likionyesha vifaa 140 vimepimwa Jumapili saa nne usiku huku daftari la mahudhurio likiwa tupu, huhitaji mkaguzi. Linganisha na idadi ya sahani za kantini siku hiyo.

Uliza pia kuhusu vimiminika vya kusafishia. Huko Suzhou, kiwanda cha Wintek, kilichotengeneza vioo vya simu za Apple, kilitumia n-heksani badala ya alkoholi kuvisafisha kwa sababu hukauka upesi, na Apple ilithibitisha wafanyakazi 137 waliathirika. Kimiminika hicho huharibu neva za mikono na miguu, hasa chumba kisipopitisha hewa. Apple ilikipiga marufuku kwenye hatua ya mwisho ya kuunganisha mwaka 2014. Wewe soma lebo za chupa zilizo mezani, usisome orodha ya ofisini.

Kiwanda chetu mshirika kiko Malaysia na wafanyakazi wengi ni wageni kutoka nchi nyingine. Mgawo tunaoutoa hauonekani kuwabadilishia chochote.
*Msimamizi wa ununuzi*

Tazama madeni yao. Uchunguzi wa shirika la Verité uliotolewa 2014, uliohoji wafanyakazi 501 wa elektroniki nchini humo, ulikuta asilimia 28 wako katika kazi ya kulazimishwa, na kwa wageni 32. Kiini kilikuwa ada za wakala walizolipa kwao kabla ya safari, mara nyingi kwa mkopo wa riba. Mgawo wako unapita mikononi mwao kwenda kwa mkopeshaji. Kanuni za RBA, umoja wa kampuni za sekta hii, haziruhusu mfanyakazi kulipa ada ya kuajiriwa, aliyelipa arudishiwe.

Wahojiwe nje ya bweni, kwa lugha yao, bila msimamizi: ulilipa kiasi gani, kwa nani, bado unadaiwa ngapi, mkataba uliosaini nyumbani ni ule ule uliopewa hapa, na pasipoti yako iko wapi sasa hivi. Wakisema iko kwenye kabati la ofisi "kwa usalama", dai kila mtu apewe yake mkononi, pamoja na sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake anao yeye.