Watakuzoea kwanza ndipo wakukaribishe: barua kwa mwanangu aliyeko Torino

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikampa baba yako naye akausikiliza. Umesema uko huko tangu Septemba, kazini wanakuchangamkia, lakini hakuna hata mmoja aliyekuambia karibu nyumbani. Sokoni umefokewa, na jirani wa chini amekukemea kwenye ngazi. Ukaniuliza: "Mama, hawa watu hawanitaki, au ndivyo walivyo? Wewe ulifanyaje?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunakatizana na jambo hili linahitaji utulivu.

Wengi wao hawana neno nawe. Huku kwetu mgeni anaingia ndani, anakula, halafu ndipo tunaanza kumjua. Kule ni kinyume. Mtu hujulikana nje kwanza, polepole, kwenye baa, sokoni, kwenye ngazi, kituo cha tramu, na nyumbani ndiko mwisho. Waitaliano wa mikoa mingine wanasema watu wa Piemonte, mkoa wa huko Torino, wana adabu ya uso tu na ndani ni wanafiki. Mimi nimeishi nao, nimewauguza wakiwa katika hali ambayo mtu hawezi kuficha alivyo, na ninakuambia si wanafiki. Ni wazito kuanza. Wakishaanza hawakuachi.

Kwa hiyo acha kuhangaika huku na huku. Umeniambia kila asubuhi unajaribu baa mpya. Chagua moja, iliyo karibu na mlango wako, uende saa ileile kila siku. Wewe umeshaona kwamba baa ya kule si ya pombe kama hizi zetu. Ni mahali pa kahawa na mkate mtamu kabla ya kazi. Simama kaunta, maana ukikaa mezani sehemu nyingi bei inapanda. Anayeingia ndiye anayesalimu, kwa sauti inayosikika na watu wote, kabla hajaagiza kitu. Hilo wewe hujafundishwa leo, umelelewa nalo. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana hakuna atakayekukataza, ila watajua bado u mgeni. Utafika wakati yule wa kaunta anaweka kikombe chako kabla hujafungua mdomo. Baadaye atakuuliza unatoka wapi, na mzee aliyesimama pembeni naye atajiingiza. Siku moja mlipie mwenzako wa kazini kahawa yake, usifanye kuwa jambo kubwa. Kesho au keshokutwa atakulipia wewe. Kule ukarimu unaanzia kwenye kikombe hicho, na unaruhusiwa kabisa kuuanzisha wewe.

Kuhusu sokoni, naamini ulishika matunda. Pale Porta Palazzo, kwenye meza za nje, mteja hashiki. Muuzaji ndiye anayechagua, na ukigusa nyanya zake atakufokea kama anavyomfokea bibi aliyezaliwa mtaa huohuo. Mwambie unataka ngapi na unazila lini, leo au baada ya siku mbili, naye atakuchagulia zilizoiva kwa siku hiyo. Supamaketi mambo ni tofauti: unavaa ile glavu ya plastiki, unachagua mwenyewe, unapima kwenye mizani, unabonyeza namba ya tunda, unabandika lebo. Ukifika kwa keshia bila lebo, foleni nzima nyuma yako itaguna. Sokoni pia shika muuzaji mmoja. Wangu alikuwa mtu wa Puglia, kusini mwa Italia, na alipokwisha kunizoea hakunifungia mboga bila kutia bure karoti, bua la selari na majani ya kutilia supu. Ni desturi yao kwa wateja wao, lakini kwanza uwe mteja wao.

Sasa huyo jirani anayekukemea. Msikilize anakemea nini. Kama ni viti unavyoburuta saa nane mchana, au nguo zinazodondosha maji kwenye baraza yake, au umechanganya chupa na mabaki ya chakula, basi ana haki. Hayo yote yamo katika kanuni za jengo, na mara nyingi zimebandikwa mlangoni. Saa za mapumziko baada ya chakula cha mchana wanaziheshimu sana, na takataka zina siku zake na mapipa yake. Kukemewa hivyo ni dalili kwamba anakuhesabu mwenyeji wa jengo. Mtu wa kupita haambiwi kitu.

Jirani yangu mimi alikuwa mama mtu mzima kutoka Calabria, nako ni kusini. Kila aliponikuta natoka nywele zikiwa mbichi alinirudisha ndani, maana wanaogopa sana upepo wa baridi shingoni. Siku ya kwanza niliona ananiingilia. Kisha akanieleza jinsi yeye na mumewe walivyofika Torino kwa treni wakati viwanda vya magari vinatafuta watu, wakakuta matangazo milangoni kwamba nyumba haipangishwi kwa watu wa kusini. Ni jambo linalojulikana katika historia ya mji huo. Mwaka 1951 Torino ilikuwa na watu kama 720,000. Mwaka 1971 walikuwa wamepita 1,100,000, na sehemu kubwa ya walioongezeka walitoka Puglia, Calabria, Sicilia, Sardegna na Veneto. Kwa hiyo ukiona uso mkavu kwenye ngazi usifikiri unamwona mwenye mji anayekutazama mgeni. Huenda baba yake alilala vitanda vya zamu na wenzake chumba kimoja, akiitwa majina mabaya kwa lafudhi yake. Waulize wazee walikotoka. Hilo swali linafungua mengi, nami naona vijana wa siku hizi hawaliulizi.

Jumapili usiisubiri simu ya mtu. Mchana wa Jumapili ni wa mama zao. Watu wazima wenye nyumba zao na watoto wao wanarudi kula kwa mama, na asiyekwenda anapigiwa. Hawajakusahau, wana wajibu. Agosti nayo usipange kupata fundi wala daktari wa meno. Kuzunguka tarehe 15 mji unahama, na madukani unakuta karatasi ya kusema wako likizo.

Ukialikwa, na utaalikwa, usiende mikono mitupu. Pita duka la keki, uwaambie wakufungie trei ndogo ya vitamu mchanganyiko. Wataifunga vizuri kwa karatasi na utepe. Maua ni sawa, ila usinunue krisanthemu hata ukiyapenda vipi, hayo ni ya makaburini, ya siku ya marehemu wote, Novemba 2. Sahani ya kwanza si chakula chote, kwa hiyo usishibe mapema. Ukiwa umependa kitu, muulize mpishi kimepikwaje, kisha umwache aeleze mpaka amalize. Hiyo ndiyo sifa wanayoitaka.

Halafu wakaribishe wewe. Wapikie ugali na mchicha wa karanga bila wasiwasi wowote. Watu wa Piemonte, Lombardia na Veneto wamekula ugali wa mahindi ya njano vizazi na vizazi, wanauita polenta, na zamani maskini walikula huo peke yake bila kitoweo mpaka wakapata ugonjwa wa pellagra, uliowaua wengi vijijini katika karne ya 19. Mzee aliyekulia kijijini akiona unavyosonga atakuambia bibi yake alivyosonga kwenye sufuria ya shaba. Nimeona mtu akitokwa na machozi kwa hilo.

Kuna mahali pengine ninapotaka uende. Shirika la Wamisionari wa Consolata, ambao masista wao ndio walionifundisha Kiitaliano Iringa kabla sijasafiri, lilianzishwa hukohuko Torino mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Kanisa la Consolata liko katikati ya mji, na nyumba yao mama iko mji huohuo. Kuna mapadri na masista waliomaliza nguvu zao Iringa, Njombe na Kenya, sasa wamerudi kuzeeka. Nenda ukawaamkie. Utamwambia mtu "shikamoo" akuitikie "marahaba" bila kufikiri, na atakuuliza habari za vijiji ambavyo wewe mwenyewe hujavifika. Sisemi ukajifungie huko ukimbie Waitaliano. Nasema ni vizuri kuwa na wazee mahali ulipo.

Kuhusu makaratasi, wewe una mkataba mzuri na ofisi ya kukusaidia, lakini wenzako Wajerumani na Wafaransa hawahitaji kibali cha kukaa, wewe unakihitaji, kwa hiyo habari za "mimi ni mtaalamu" hazikuondoi kwenye foleni ya Questura, ile ofisi ya polisi inayotoa vibali. Ile risiti uliyopewa posta ndiyo ulinzi wako mpaka kadi itoke. Usiitoe kwenye mkoba, na nakala yake iache nyumbani. Stempu ya serikali ya euro 16 inauzwa duka la tumbaku, inunue mapema. Maombi ya kuhuisha peleka siku 60 kabla ya kadi kuisha. Andika jina lako kwenye kengele ya mlango na sanduku la barua, kwa sababu ukijiandikisha ukaazi manispaa, askari wa mji anakuja kuhakiki kama kweli unaishi pale, na asipoona jina anaweza kuandika kwamba hupo. Ukifika dirishani, mwite mhusika kwa cheo chake na uwe na folda iliyopangwa. Wanalainika wakiona mtu aliyejiandaa.

Sasa nikuambie na lile ambalo hukuliuliza wazi, ila nimelisikia katika sauti yako. Ndiyo, wapo wasiokutaka kwa sababu ya rangi yako, na sitaki umalize barua hii ukidhani nimekuambia kila kitu ni desturi tu. Mimi nilifika 1989. Agosti ya mwaka huo, kule Villa Literno, kusini, walimuua kwa risasi Jerry Masslo, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa amekimbia ubaguzi wa kwao, wakati majambazi walipovamia kibanda walimolala wavuna nyanya. Aliomba hifadhi akakataliwa, kwa kuwa Italia wakati ule iliwatambua wakimbizi wa Ulaya Mashariki, si wa Afrika. Watu maelfu kwa maelfu waliandamana Roma Oktoba, na mwaka 1990 sheria ikabadilishwa. Mwaka 2013 Cécile Kyenge, daktari wa macho aliyezaliwa Katanga, nchi ya Kiswahili wenzetu, akawa waziri wa kwanza mweusi Italia, na akarushiwa ndizi akiwa jukwaani. Juni 2025 walipiga kura ya maoni kupunguza miaka ya kusubiri uraia kutoka 10 hadi 5. Waliojitokeza hawakufikia nusu, ikaanguka. Haya ni mambo ya nchi uliyomo, uyajue.

Mimi mwenyewe nilikubaliwa chumba kwa simu, nilipofika kikawa kimeshachukuliwa. Kwa hiyo najua tofauti ya kufokewa na kudharauliwa. Anayekufokea anataka ufanye kama wengine. Anayekudharau hataki uwepo, hata ufanye nini. Tazama namna mtu mzima usiyemjua anavyokusemesha: akimpa Mwitaliano aliyekutangulia kwenye foleni lugha ya heshima, kisha wewe akakupa ile ya watoto na marafiki, hiyo si kuzoeana. Mjibu kwa lugha ya heshima, taratibu, kila sentensi. Wengine hurekebisha palepale. Asiyerekebisha usimpe muda wako, na kama ni ofisini kwenu liandike na ulipeleke kwa msimamizi wako siku hiyohiyo. Usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mgomvi. Mimi wenzangu wa wodi, Waitaliano watupu, ndio waliosimama upande wangu kwa bwana mmoja aliyekataa nimfunge kidonda. Muuguzi mkuu alimwambia ama mikono yangu ama asubiri zamu ya usiku. Alikubali mikono yangu.

Kwa hiyo, mama, ulipouliza kama hawakutaki au ndivyo walivyo, naona ni muda tu bado haujatosha, na kwa hao wachache wabaya kosa ni lao, si lako. Anza na hiyo baa moja kuanzia Jumatatu. Mama wa chini mgongee umwombe akuonyeshe takataka zinavyotenganishwa, hata kama unajua. Akieleza atauliza na wewe unakula nini peke yako huko juu.

Baba yako anasema ununue viatu vya soli ya mpira, barafu ya Januari kwenye mawe ya barabara za zamani inaangusha watu. Karanga za kusaga nimempa mtoto wa jirani anayekuja Milano mwezi ujao, kilo mbili, usimgawie kila mtu mpaka uwe umeshapika ule mchicha. Jumapili nitapiga baada ya misa, saa tano za huku, kwenu saa tatu asubuhi. Uwe umeamka.

Mama yako