Maswali yenu kuhusu polima ya nyuzi 32

Toleo lililopita niligusia polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana, inayoyeyuka kwenye maji ya baridi na kujitenga maji yakipata joto. Monoma yake, yaani ile molekuli ndogo inayoijenga, ni N-isopropilakrilamidi, ambayo maabara zote huiita NIPAM. Ikishaungana kuwa mnyororo mrefu inaitwa PNIPAM. Maswali yaliyoletwa ni mengi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua yale yanayogusa mikono ya watu walio kazini.

Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba joto husaidia vitu kuyeyuka. Kwa nini PNIPAM inakwenda kinyume? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma)

Marahaba. Sukari kwenye chai ndiyo iliyotuzoesha hivyo, na kwa sukari ni kweli. Lakini kila pingili ya mnyororo wa PNIPAM ina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Kuna amidi, inayoshikana na maji kwa vifungo vya haidrojeni. Kuna isopropili, ambayo ina tabia ya mafuta: maji hayaishiki, ila hujipanga kuizunguka kwa utaratibu, bega kwa bega. Maji yakiwa ya baridi mpangilio huo unadumu, mnyororo unabaki umelowa na kutanuka, na mmumunyo unaonekana angavu.

Joto likipanda, molekuli za maji zinazidi kutaka uhuru wake. Zikiiacha ile isopropili zinapata nafasi ya kuzunguka ovyo, yaani entropi inaongezeka, na faida hiyo inazidi hasara ya vifungo vilivyokatika. Maji yakishaondoka, sehemu za mafuta zinakutana, mnyororo unajikunja kuwa kidonge, vidonge vinashikana, na chupa inakuwa nyeupe. Hutokea karibu na nyuzi 32 za Selsiasi, na hutokea ghafla, ndani ya nyuzi moja au mbili tu. Heskins na Guillet waliieleza tabia hii mwaka 1968.

Tofauti na ute wa yai, ambao ukishageuka mweupe kwenye kikaango haurudi tena, PNIPAM ukiipoza inarudi kuwa angavu, na unaweza kurudia mara nyingi upendavyo.

Haidrojeli yangu (jeli ya PNIPAM iliyojaa maji) imetoka nyeupe kama maziwa, wakati picha zote ninazoona ni za jeli angavu. Nimefuata vipimo vyote. Nimekosea wapi? (Mtafiti wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam)

Ndugu, kabla ya yote iweke jeli hiyo kwenye friji usiku kucha. Ikiwa angavu asubuhi, hukukosea kitu. Uliiangalia ikiwa na joto. Ikibaki nyeupe hata ikiwa baridi, basi ilizaliwa kwenye joto, na hapo hakuna dawa. Itabidi utengeneze nyingine.

Nieleze kilichotokea. Fomula inayotumika sana ni hii: kwa mililita 100 za maji, gramu 7.8 za NIPAM, miligramu 133 za kiunganishi cha minyororo, yaani methilenibisiakrilamidi au BIS, mikrolita 240 za TEMED, ambayo ni kiharakishi, na miligramu 40 za amoniamu pasalfeti, ile APS, ambayo ni kianzishi cha kuungana. Vipimo viko sawa, nakuamini. Lakini kuungana kwa monoma kunatoa joto lake lenyewe. Ukianzia kwenye meza ya Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa nyuzi 30, mchanganyiko unavuka 32 kabla minyororo haijamaliza kufungana. Minyororo inajikunja kwanza, halafu BIS inaifunga ikiwa imekunjika. Unapata vinundu vilivyobana huku na matundu makubwa kule, na mwanga unatawanyika. Muundo huo umeshafungwa kwa vifungo vya kikemia, ndiyo maana friji haiuondoi.

Kuna dalili moja ya kutazama. Kata jeli yako vipande kwa wembe. Mara nyingi utakuta ukingo uliogusa kioo ni angavu na katikati ndiko kweupe, kwa sababu katikati joto halikupata pa kutokea. Mimi nimekata nyingi za namna hiyo, na kila mara ule mstari kati ya uangavu na weupe unaonyesha joto lilipokwama.

Kwa hiyo barafu. Usisubiri kuileta baadaye: poza mmumunyo wa NIPAM, BIS na TEMED kwenye barafu mpaka ufike karibu na sifuri, poza na APS pembeni, ndipo uchanganye. Chombo kikae kwenye maji ya barafu mpaka jeli ishike, na barafu iongezwe kila inapoyeyuka. Mimina kwenye nafasi nyembamba, kati ya vioo viwili vilivyoachana milimita moja au mbili, usimimine kwenye bika nene. Ikishashika, iloweke kwenye maji safi siku kadhaa huku ukibadilisha maji kila siku, ili monoma iliyobaki itoke.

Na tafadhali andika daftarini nyuzi za chumba kila unapoanza. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma, katika maabara moja ya mwambao, kiyoyozi kilizima mchana. Saa nane nikaukuta mmumunyo wangu wa PNIPAM, kazi ya siku nne, umekuwa mweupe mezani. Nikadhani umeingia uchafu, nikaumwaga. Kulikuwa na kichupa kimoja kilichosahaulika nyuma ya mizani. Asubuhi yake kilikuwa angavu kama maji ya kisima. Hakukuwa na uchafu wowote. Chumba kilivuka nyuzi 32, na mimi sikuwa na kipimajoto ukutani.

Jeli yangu haishiki kabisa. Nimesubiri saa tano, bado maji matupu. (Fundi wa maabara, Nairobi)

Mshukiwa wa kwanza ni oksijeni. Inadaka radikali, zile chembe kali zinazoanzisha kuungana kwa monoma, kabla hazijaanza kazi, kwa hiyo pitisha naitrojeni au agoni ndani ya mmumunyo kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuweka APS. Wa pili ni APS yenyewe: ikivuta unyevu inachoka, na mmumunyo wake wa wiki iliyopita usiutegemee. Tengeneza mpya siku hiyohiyo.

Wa tatu ni kizuizi ambacho watengenezaji wengi huweka kwenye chupa ya monoma ili isijipolimishe ikiwa stoo. Kukiondoa, yeyusha NIPAM kwenye heksani ya uvuguvugu, chuja, kisha acha ipoe taratibu na umalizie kwenye friji. Fuwele nyeupe kama sindano zitajitokeza. Zichuje, zikaushe kwa vakyumu bila kuzipasha moto. Monoma hii inayeyuka ikifika nyuzi 60 na kidogo, hivyo maji ya kuzamishia chupa yasifike huko. Heksani inawaka upesi mno: tumia maji ya moto, usiwashe mwali wowote karibu.

Rafiki yangu anatengeneza chembe ndogo za jeli hiyohiyo kwa nyuzi 70, bila barafu. Kati yenu nani anasema kweli? (Msomaji, Morogoro)

Sote wawili, dada. Yeye anatafuta chembe za ukubwa wa nanomita mia kadhaa, na kwake kule kujikunja ndiko kunakofanya kazi. Kwa nyuzi 70 kianzishi, kwa kawaida potasiamu pasalfeti, kinavunjika chenyewe kwa joto. Kila mnyororo unaokua unafika urefu ambao maji hayawezi tena kuubeba, unajikunja, unakutana na wenzake, na chembe inazaliwa. BIS inaishikilia isije ikayeyuka siku ikipozwa. Pelton na Chibante walichapisha njia hii mwaka 1986, na mpaka leo ndiyo inayofundishwa. Akiongeza sabuni kidogo, kama SDS, chembe zinatoka ndogo zaidi. Chupa yake ikiwa ya moto ni nyeupe pe. Ikipoa, chembe zinavimba kwa maji na rangi inafifia, pengine ikabaki na ubuluu kwa mbali.

Je, naweza kuusogeza ule mpaka wa nyuzi 32? Mwili wa mtu una 37. (Mwanafunzi wa famasia, Kampala)

Unaweza, na ni kazi ya kufurahisha sana. Changanya NIPAM na monoma inayopenda maji zaidi, mfano asidi akriliki au dimethilakrilamidi, na mpaka huo utapanda. Changanya na inayoyaogopa maji, mfano butili methakrilati, nao utashuka. Ukitumia asidi akriliki kumbuka pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, nayo itaanza kutawala, kwa sababu asidi hiyo ikipoteza protoni inapata chaji na kuvuta maji kwa nguvu. Ikiwa unataka mpaka wa juu bila kuchanganya, ndugu yake N-isopropilmethakrilamidi hutoa polima inayobadilika kwenye nyuzi 40 na ushee.

Wengi wanasahau chumvi. Mola 1 ya chumvi ya mezani kwa lita inaweza kuushusha mpaka kwa nyuzi 10 hivi, na hata bafa ya kawaida ya fosfati, ule mmumunyo wa chumvi unaotuliza pH, inaushusha kidogo. Pima kwenye maji utakayotumia, usipime kwenye maji safi ukadhani umemaliza.

Nimesikia seli zinaweza kubanduliwa kwenye sahani kwa kupozwa tu. Ni kweli, na je, huku Mombasa itawezekana? (Muuguzi anayesoma baolojia ya seli)

Ni kweli. Kundi la Teruo Okano, katika chuo kikuu cha tiba cha wanawake cha Tokyo, lilibandika PNIPAM kwenye plastiki ya sahani za kuoteshea, tabaka la nanomita 20 hivi tu. Kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea seli, nyuzi 37, tabaka hilo limekauka kiasi na seli zinalishika vizuri. Ukiitoa sahani na kuipoza hadi nyuzi 20, tabaka linanywa maji na seli zinajiachia, tena zikiwa zimeshikana kama kitambaa kimoja. Njia ya zamani, ya kutumia kimeng'enya kiitwacho tripsini, inakata protini zinazoziunganisha, unabaki na seli mojamoja. Mwaka 2004 madaktari wa Japani waliripoti kutibu macho ya wagonjwa 4 kwa vitambaa vya namna hiyo, vilivyooteshwa kutoka seli za ndani ya mdomo wa wagonjwa wenyewe.

Mombasa inawezekana, ila "joto la chumba" linaloandikwa kwenye maelekezo si la chumba chako. Usiiache sahani mezani ukangoja. Pata inkubeta inayopoza, au iweke juu ya bamba lililopozwa, kisha uhakikishe kwa kipimajoto kwamba kimiminika ndani ya sahani kimefika nyuzi 20.

Ni salama kuishika? (Wengi)

Monoma, hapana. Inadhuru ikimezwa na inaweza kuumiza macho vibaya, na ni jamaa wa akrilamidi, sumu ya mishipa ya fahamu. Glovu, miwani, koti, na unga upimwe ndani ya kabati la kuvuta hewa. Polima iliyosafishwa vizuri haina ukali huo, lakini mwili hauwezi kuivunja, kwa kuwa uti wake ni kaboni kwa kaboni. Ndiyo maana wanaotaka kubebea dawa ndani ya mwili wanahangaika sana na swali la itatokaje.

Nafundisha kidato cha nne. Naweza kuwaonyesha wanafunzi? (Mwalimu, Tanga)

Tena ningependa sana ufanye hivyo. Omba chuo kilicho karibu nawe kichupa cha mmumunyo wa PNIPAM iliyokwisha kusafishwa, asilimia 1 inatosha, kikiwa kimefungwa vizuri. Monoma usiipeleke darasani. Andaa kikombe cha maji ya nyuzi 40 na kingine cha maji ya mtungi. Kitumbukize kichupa kwenye maji ya moto, na kabla hujamaliza kuuliza swali kitakuwa cheupe. Kisha mpe mwanafunzi wa mbele akihamishie mwenyewe kwenye maji ya mtungi.