Maswali ya wasomaji: Mheshimiwa ana vipaumbele sita, tumbane kwa lipi?

Swali (Houston, Texas): Mwakilishi wetu katika Bunge la Texas ametuletea waraka wenye vipaumbele sita vya kikao kipya: shule, kodi ya majengo, mafuriko, usalama, afya na ajira. Kila kikao ni yale yale. Nitajuaje analolipigania kweli?

Jibu: Neno "shule" halipigiwi kura. Kinachopigiwa kura ni muswada wenye namba. Kwa hiyo ofisi yake uiulize hivi: kipaumbele hiki ni muswada namba ngapi, na mwenye muswada ni nani? Miswada ya Baraza la Wawakilishi huanza na HB, ya Seneti huanza na SB. Ukishapewa namba, ingia capitol.texas.gov, tovuti ya bunge, iandike, kisha soma kwa utulivu.

Anza na majina. Mwenye muswada ndiye anayeubeba kamatini na kuutetea ukumbini. Walioongeza majina yao chini yake wanaweza kufika makumi, na wengi hawana kazi nyingine juu yake zaidi ya hiyo sahihi. Kama kwa vipaumbele vyote sita mheshimiwa wako ni mwongeza jina tu, basi hana kipaumbele, ana orodha.

Kisha tazama historia ya muswada: umepelekwa kamati gani, na je, umepangiwa siku ya kusikilizwa? Miswada mingi hufia hapo. Colorado walibadili katiba yao kwa kura mwaka 1988, na tangu hapo kila muswada lazima usikilizwe kamatini na kupigiwa kura. Texas haina sharti hilo. Mwenyekiti wa kamati akiukalia, umekaliwa, na hawajibiki kumweleza mtu sababu. Hata ukisikilizwa, mara nyingi utasoma kwamba umeachwa kamatini bila kura. Kwa siku ile ya kwanza hilo ni jambo la kawaida, usishtuke. Wiki tatu zikipita na bado uko palepale, piga simu ofisini kwa mheshimiwa uulize ameongea lini na mwenyekiti. Swali hilo linauma kuliko barua kumi za malalamiko.

La mwisho ni fedha. Legislative Budget Board, bodi ya bunge inayoshughulikia bajeti, huambatanisha makadirio ya gharama za muswada. Yakionyesha mamilioni ya dola, uliza fedha hizo zimewekwa fungu gani la bajeti. Ukijibiwa "Article XI", ujue umeonyeshwa orodha ya matamanio: humo huwekwa maombi ambayo hayajapata fedha, na mengi hutoka kama yalivyoingia. Muswada ukipita bila fedha zake, wakala wa serikali hana cha kuutekelezea.

Namba nayo husema kitu. Namba za mwanzo hutengewa mambo ya wakubwa, yaani Spika upande wa Wawakilishi na Naibu Gavana anayeongoza Seneti. Mwaka 2025, SB 1 ilikuwa bajeti na SB 2 ilikuwa mpango wa dola bilioni 1 wa kuwasaidia wazazi kulipia shule binafsi. Yote miwili ilipita. Namba kubwa haiui muswada, ila inakuonyesha kwamba mheshimiwa anasukuma peke yake. Mwaka 2023 miswada iliyowasilishwa ilizidi 8,000. Iliyopita mabaraza yote mawili ilikuwa kama 1,200.

Swali (Dallas): Nilimpigia mbunge wetu katikati ya mwaka nikaambiwa "subiri Januari ya mwaka ujao". Hawafanyi kazi?

Jibu: Bunge la Texas hukutana kwa kawaida miaka ya witiri tu, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku 140. Kikao cha 2025 kilianza Januari 14 na kufungwa Juni 2. Kijacho kinaanza Januari 12, 2027. Katikati, ni gavana peke yake anayeweza kuita kikao maalumu, na yeye ndiye anayepanga ajenda yake. Mshahara wa mbunge ni dola 600 kwa mwezi, kwa hiyo wengi wana kazi nyingine.

Lakini huo "mwaka wa mapumziko" ndio wa kumfuata. Kamati hupewa masuala ya kuchunguza, na wabunge huomba miswada iandikwe na Texas Legislative Council, ofisi ya bunge inayoandaa miswada. Mpelekee jambo lako kati ya Julai na Oktoba, kwenye ukurasa mmoja: tatizo, sheria inayolisababisha, badiliko unalotaka. Uwasilishaji wa awali hufunguliwa Novemba, baada ya uchaguzi. Ukimfuata Machi umechelewa: siku ya 60 ya kikao ndiyo ya mwisho ya kuwasilisha muswada wa kawaida, na HB ambayo Wawakilishi hawajaijadili kufikia siku ya 122 imekufa. Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia Mei 15. Hakuna aliyeipinga miswada mingi iliyokufa usiku ule. Foleni tu haikuifikia.

Swali (Fort Worth): Nina grini kadi, sijawa raia. Naruhusiwa kutoa maoni mbele ya kamati?

Jibu: Ndiyo, haulizwi uraia. Kamati ya Wawakilishi hutangaza kikao siku tano kabla. Seneti inaweza kutangaza saa 24 tu kabla, kwa hiyo jiandikishe kwenye tovuti ya bunge upate taarifa za muswada wako kwa barua pepe. Ukifika Capitol, jengo la bunge mjini Austin, jisajili kwenye mashine zilizopo, utaje namba ya muswada na kama unaunga mkono, unapinga au unatoa maelezo tu. Wengi hukosea hapo wakachagua upande usio wao. Utapewa dakika mbili au tatu. Tangazo likisema kikao kitaanza baada ya bunge kuahirishwa, beba chakula, maana unaweza kuitwa saa nne usiku. Jina lako na video ni kumbukumbu za umma.

Angalizo moja: kutoa maoni si kupiga kura. Ukiletewa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, usiijaze hata kama aliyekuletea anakuhakikishia. Inaweza kukuharibia maombi yako ya uraia.

Swali (Austin): Gavana asipotia sahihi muswada, umekufa?

Jibu: Hapana. Asipoutia sahihi wala kuupiga veto, yaani kuukataa, unakuwa sheria. Bunge likishafungwa ana siku 20 za kuamua, na hapo ndipo veto huwa chungu, kwa sababu wabunge wameshatawanyika na hawapo kuitengua.

Swali (Houston): Naomba mwakilishi wetu katika Bunge la Texas aharakishe viza ya mdogo wangu.

Jibu: Hana mamlaka nayo, viza ni ya serikali kuu. Nenda ofisi ya mbunge wako wa Kongresi ya Marekani, uombe fomu ya ruhusa ya kufuatilia faili, na uwe na namba ya kesi mkononi.