Maswali ya wasomaji: Kitanzi cha histeresisi kinene kuliko cha kompyuta

SWALI: Nina kiini cha pete cha chuma cha silikoni na modeli ya Jiles-Atherton (milinganyo ya kukokotoa jinsi chuma kinavyopata na kupoteza usumaku). Nikipima kwa 50 Hz, kitanzi cha B (msongamano wa sumaku ndani ya chuma) na H (nguvu ya uga unaotokana na mkondo wa koili) hutoka kinene kuliko cha kompyuta. Nimekosea wapi?

JIBU: Pengine hujakosea. Modeli hiyo katika umbo lake la awali haihesabu mikondo ya edi (mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma chenyewe), na ndiyo inayonenepesha kitanzi masafa yakipanda. Rudia kwa 20 Hz, kisha 5 Hz, kilele cha B kikiwa kilekile. Kikikonda, mchawi umemjua.

Ila ukishuka huko, saketi ya kuintegreti, inayogeuza volti ya koili ya pili kuwa B, itakuponza. Rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1 hukosea pembe ya awamu ya wimbi kwa nyuzi 1.8 hivi kwenye 50 Hz. Kwenye 5 Hz, karibu 18! Rekodi volti ya koili ya pili moja kwa moja, toa wastani wake, ndipo uintegreti kwa programu. Usipoutoa, kitanzi hakifungi.

H ni mizunguko ya koili ya kwanza mara ampea, gawanya kwa urefu wa njia: 100 × 0.5 ÷ 0.2 m = 250 A/m. Kwenye eneo la kiini, usihesabu vanishi iliyo kati ya mabati.

Vigezo vitano vya modeli vitafute kwa kitanzi kikubwa tu. Kisha ondoa usumaku kwa kupunguza mkondo geu polepole hadi sifuri, upime vitanzi vidogo ambavyo modeli haijaviona. Hapo ndipo Jiles-Atherton huumbuka: vidogo visivyo na ulinganifu mara nyingi haivifungi.