Kurasa "zilizoangaziwa" au zilizonakshiwa?

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya picha za misahafu ya kale kwa maonyesho ya madrasa yetu. Nimeandika: "kurasa zilizoangaziwa za miswada ya Kiislamu, pamoja na kaligrafia". Mwenzangu anasema sentensi yote imepinda. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwenzako ana haki, na neno linaloipinda zaidi ni "zilizoangaziwa". Kwetu kuangazia ni kumulika, na siku hizi pia ni kulizungumzia jambo kwa mkazo, kama watangazaji wasemavyo. Msomaji wako atadhani kurasa hizo zilipigwa taa, au zilijadiliwa mahali. Tafsiri hiyo imetoka Ulaya, ambako kitenzi cha Kilatini illuminare, kutia nuru, kilitumika kwa mapambo ya vitabu kwa sababu dhahabu hung'aa. Picha hiyo ni yao. Waarabu wao walikitazama kinachopakwa, wakaita kazi hiyo tadhhib, kutokana na dhahab, ambayo ndiyo dhahabu yetu.

Basi andika "zilizotiwa dhahabu"? Ndiyo, pale dhahabu ilipo. Lakini neno linalobeba kazi yote ni nakshi. Mlango wa Lamu hunakshiwa, na ukurasa nao hunakshiwa: vichwa vya sura, alama za mwisho wa aya, maua ya pambizoni. Huko Siyu, kisiwani Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono katika karne ya 18 na 19, ikapambwa kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Ukishikilia dhahabu peke yake, kazi ya mafundi wale itakosa jina.

Tena tenganisha nakshi na maandishi. Msahafu wa Buluu, ambao wataalamu wengi huuweka katika karne ya 9 au ya 10 na ambao kurasa zake sasa zimetawanyika katika makumbusho mbalimbali, una mistari 15 kila ukurasa juu ya ngozi yenye rangi ya nili. Pale herufi zenyewe ndizo za dhahabu. Huo ni msahafu ulioandikwa kwa dhahabu, na ukisema "ulionakshiwa" tu umeuacha uzuri wake mkubwa nje.

Sasa "kurasa". Hapa watafsiri wengi hupotea, na naomba uwe mwangalifu. Karatasi moja ina pande mbili, na kila upande ni ukurasa. Msahafu wa fundi wa mwandiko Ibn al-Bawwab, ulioandikwa Baghdad mwaka 391 wa Hijria, yaani 1000 hadi 1001 Miladia, na uliohifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, una karatasi 286. Ukiandika "kurasa 286" umekata nusu ya kitabu! Kwa misahafu ya ngozi, karatasi haifai. Sema "kipande cha ngozi, pande zote mbili". Usikimbilie gombo, kwa kuwa wasomaji wa Biblia wanalijua gombo la chuo kuwa ni kitu kinachokunjwa kwa kuviringishwa.

Ukurasa wenyewe una safari ya kupendeza. Kwa Kiarabu kurrasa ni daftari, au fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja. Sisi tulilisikia kama wingi, tukalipa umoja wake, ukurasa, kwa mfano wa kuta na ukuta. Waraka nao ulikuwa jani, la mti au la kitabu. Kwetu umekuwa barua, na nyaraka zimejaa maofisini. Ndiyo maana sikushauri kuurudisha kwenye maana ya jani la kitabu, ingawa asili yake inaruhusu.

"Miswada" nakukataza kwa moyo wote. Najua vyuo vikuu husema "miswada ya kale", na huko limezoeleka. Lakini mswada hutokana na sawad, weusi: ni andiko la kwanza lililochafuliwa kwa kufutwafutwa, na maana hiyo bado iko hai kwetu katika mswada wa sheria, ambao haujawa sheria. Waarabu huliita andiko safi mubayyada, lililofanywa jeupe. Msahafu ambao mtu aliusafisha herufi kwa herufi kisha akautia dhahabu, tutauitaje rasimu? Uite msahafu, na kama ni kitabu kingine, kitabu cha mkono. Na upatanisho ni msahafu huu, misahafu hii.

Kaligrafia si kosa, lakini tuna hati, kutoka khatt. Leo hati ni ya nyumba na ya kusafiria, ila maana ya mwandiko haijafa: hatimkato ni mwandiko uliofupishwa. Kwa hiyo, kwa mitindo ya maandishi ya Kiarabu, sema hati ya Kufi, hati ya naskhi. Mwandiko uache kwa mkono wa mtu mmoja, kama mwandiko wa Ibn al-Bawwab, aliyeandika msahafu wake kwa naskhi.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Karatasi za misahafu ya kale zilizonakshiwa kwa dhahabu, na hati zake." Kwa picha ya ngozi, anza na "Vipande vya ngozi vya misahafu ya kale vilivyonakshiwa".